Malalamiko ya Dereva Yasitupwe Kapuni

Motokaa ikiwa kuukuu, kila mtu huwa na jawabu jepesi juu ya maradhi yake. Ikizimika njiani, huambiwa ni uzee. Usukani ukiwa mzito, ni uzee. Breki zikikataa, ni uzee tena, na mwenye gari hulaumiwe yeye kwa kutonunua jingine. Leo twataka kusema wazi kwamba jawabu hili ni la uvivu, na mara nyingine ni jawabu linaloua. Yako maradhi ambayo gari huyapata kwa kutumika, na yako mengine ambayo limezaliwa nayo kiwandani. Hakuna awezaye kuyapambanua isipokuwa kwa kusikiliza, kuandika na kukusanya maneno ya wale wanaoliendesha kila siku.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Ushahidi upo, nao umetoka Marekani, nchi inayosifiwa kwa viwanda vyake. Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya General Motors ilianza kuuza motokaa ndogo ya bei nafuu iitwayo Chevrolet Cobalt, iliyoundwa katika kiwanda cha Lordstown, jimbo la Ohio. Ndani ya swichi ya ufunguo mlikuwa na springi ndogo, ambayo kazi yake ni kuushika ufunguo usirudi nyuma gari linapokwenda. Swichi hiyo ilikuwa dhaifu kuliko kipimo ambacho kampuni yenyewe ilikiandika. Ilitosha goti la dereva kuzigusa funguo, au gurudumu kuingia shimoni, ufunguo ukateleza na injini ikazima katikati ya barabara.

Wenye magari hawakunyamaza. Waliwaeleza waliowauzia, na wengine waliiandikia serikali. Kampuni iliyapokea malalamiko hayo, ikayaweka katika fungu la usumbufu kwa mteja, si katika fungu la usalama. Hoja yake ilikuwa kwamba gari lililozimika bado laweza kupindishwa na kusimamishwa kwa nguvu za mikono na miguu. Katika hoja hiyo lilisahauliwa jambo moja kubwa. Ufunguo ukiteleza hivyo, mifuko ya hewa iliyowekwa kumkinga dereva wakati wa kugongana haifunguki. Basi mtu aliyekwisha kupoteza msaada wa usukani na wa breki aliuendea mti bila ya kinga aliyoilipia kwa fedha zake.

Mwaka 2005 yalipendekezwa marekebisho, yakakataliwa kwa sababu ya gharama na muda. Badala yake wauzaji walipelekewa waraka wa kuwashauri wateja wapunguze vitu vizito katika funguo zao. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa kimya kimya ikatiwa nguvu zaidi, lakini namba yake ikaachwa ile ile. Aliyekuja baadaye kuchunguza kwa nini magari ya kwanza yanaua na ya baadaye hayaui, alidanganywa na namba hiyo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo twaomba kila mfanyakazi alitafakari. Mwezi wa Oktoba mwaka 2006 Cobalt moja ilianguka katika jimbo la Wisconsin na watu wakafa. Askari wa barabarani aliyepewa kazi ya kuchunguza ajali hiyo hakuwa mhandisi wa kampuni. Alifanya kazi yake tu kwa uaminifu. Aliona kwamba ufunguo haukuwa mahali pake, akausoma ule waraka wa kampuni, akayasoma na malalamiko ambayo wenye magari walikuwa wameiandikia serikali, kisha mwaka 2007 akaandika kwamba huenda kuteleza kwa ufunguo ndiko kulikozuia mifuko ya hewa kufunguka. Jawabu ambalo mabwana wenye maabara walikuwa wakilitafuta, askari huyu alilipata katika maneno ya watu wa kawaida. Taarifa yake ikalala katika majalada kwa miaka mingi. Mwaka huo huo, katika ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa magari, mmoja wa wakuu alipendekeza uchunguzi ufunguliwe. Ikaamuliwa kwamba hakuna haja.

Ilikuwa mpaka mwaka 2013 ndipo mhandisi aliyeajiriwa na wakili wa familia moja iliyofiwa katika jimbo la Georgia alipozifungua swichi mbili, ya zamani na ya baadaye, akazipima na kuonyesha kwamba si sawa. Mwezi wa Februari mwaka 2014 kampuni ikaanza kuyaita magari yarudi kutengenezwa, na hesabu yake ikafika milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124 na ya majeruhi 275. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 900. Na kifaa chenyewe kilichogharimu roho hizo, bei yake haikufika dola kumi!

Wananchi wamezoea kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mara hii mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mdogo, na guu lililovunjika likawa la mdogo.

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwezi wa Juni mwaka 2014 ilieleza desturi mbaya iliyokuwa imeota mizizi ndani ya kampuni. Watu walikutana mkutanoni, wakatikisa vichwa kukubaliana kwamba jambo lafaa kufanywa, kisha wakatoka nje na hakuna aliyelifanya. Kila mmoja aliona ni kazi ya idara nyingine. Watu 15 walifukuzwa kazi. Twauliza: je, desturi hiyo haipo katika karakana zetu, ofisi zetu, na hata katika mikutano ya matawi yetu? Mwanachama atikisaye kichwa mkutanoni na kulala nyumbani hana tofauti na wale.

Huenda msomaji akasema kwamba Cobalt hazionekani sana huku kwetu, basi habari hii yatuhusu nini. Yatuhusu sana, pengine kuliko inavyowahusu Wamarekani. Sisi twanunua magari yaliyokwisha kutumiwa, mengi yao kutoka Japani, na huwa yamepitia mikono miwili au mitatu kabla ya kufika bandarini. Kiwanda kikigundua kosa, humpelekea barua mwenye gari anayejulikana. Barua hiyo hufika Osaka au Nagoya, kwa mtu aliyekwisha kuliuza. Haifiki Tandika wala Tanga. Kosa huvuka bahari pamoja na gari, lakini onyo hubaki ng'ambo.

Mfano wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani watosha. Baruti iliyotumiwa kuijaza ilikuwa na nitrati ya amonia, ambayo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu. Ikisha kuharibika, hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kumrushia dereva vipande vya chuma. Magari ya makumi ya milioni yaliitwa yarudi katika nchi nyingi, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika magari ya zamani, na katika mahali penye joto na unyevu kama jimbo la Florida. Na ni nani asiyelijua joto na unyevu wa pwani yetu, toka Mombasa hadi Mtwara?

Twajua kwamba mfanyakazi hanunui gari kuukuu kwa kupenda ukuukuu. Hununua analoliweza. Kwa hiyo kumwambia anunue jipya si shauri, ni kumkejeli. Haki yake ni kujua analoendesha lina kosa gani, na kusikilizwa anaposema.

Basi twapendekeza haya. Kwanza, kila karakana, ya serikali, ya ushirika au ya mtu binafsi, iwe na daftari. Gari likiletwa, iandikwe aina yake, mwaka wake, namba ya chasisi na alilolalamikia dereva, kwa maneno yake mwenyewe. Fundi mmoja akiona gari moja huona uzee. Madaftari kumi yakikutanishwa, na aina moja ya gari ikaonekana na ugonjwa mmoja, hapo kosa la kiwanda hujitokeza peupe. Pili, tunaiomba serikali iyatangaze kwa Kiswahili majina ya magari yanayoitwa na viwanda vyake, na kila mwenye gari afundishwe kuiuliza kampuni kwa namba ya chasisi. Tatu, vyama vya madereva na matawi ya wafanyakazi yasimame nyuma ya dereva anayesema gari si zima.

Hili la tatu ni zito. Dereva wa daladala asemapo asubuhi kwamba breki zinashuka, mara nyingi hujibiwa alete hesabu kwanza, breki zitatazamwa jioni. Akikataa, gari hupewa mwingine. Jibu hilo ni la ukoo mmoja na ule waraka wa funguo nzito: gharama imetazamwa, mtu hakutazamwa. Anayetoa jibu hilo anawaweka abiria rehani, na haifai mwanachama wa chama cha wafanyakazi na wakulima aonekane miongoni mwao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gari huonwa kwanza na aliyeshika usukani. Naye aseme bila ya hofu, fundi aandike bila ya kuchoka, na wenye mamlaka wasome kabla ya mazishi.