Anayekula Prosesa si Linux, ni Sisi

Najua nimepotea siku nyingi, lakini leo nimeshindwa kunyamaza. Nina hasira, na hasira yenyewe inaanzia kwangu mwenyewe, kwa hivyo atakayechomwa na maneno haya ajue kwamba tumechomeka wawili.

Shangazi yangu ana saiba hapa Dagoretti Corner, si mbali na makao ya Idara ya Hali ya Hewa. Ni chumba kimoja chenye kompyuta sita za mtumba, mashine ya kutoa kopi, na benchi la wanaosubiri. Watu huja kujaza fomu za KRA kwenye iTax kabla ya tarehe 30 Juni, kutafuta huduma za eCitizen, na kuchapisha barua za kuomba kazi. Biashara ndogo, lakini ndiyo iliyonilipia sehemu kubwa ya karo nilipokuwa chuo kikuu nikisomea sayansi ya kompyuta. Kwa hivyo mtu akiigusa saiba hiyo, amenigusa mimi.

Kompyuta zenyewe zina Core i5 za kizazi cha tatu, chipu zilizotoka mwaka 2012, na RAM ya GB 4. Mnakumbuka Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, hutaka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yaani mashine nzima, isiyo na ubovu wowote, inaambiwa haitakiwi. Mimi nikamwambia shangazi asijali, nikamwekea Linux Mint zote sita. Nikajiona shujaa.

Mwezi uliopita shangazi akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya chini, ile ya mtu asiyetaka kulaumu. "Mwanangu, kompyuta zimekuwa nzito, feni zinalia kama posho mill. Nimeita fundi. Anasema zimezeeka, na hiyo Linux yako ndiyo imezimaliza kabisa. Anataka ninunue zingine sita. Ni kweli uliniharibia mashine?"

Kompyuta sita kwa shilingi 30,000 kila moja ni shilingi 180,000. Shangazi alikuwa tayari ameanza kuulizia mkopo.

Jumamosi asubuhi nikashuka kwenye matatu ya 111, nikaingia saiba. Swali la kwanza nililouliza: fundi alipima nini? Jibu: hakupima kitu. Aliweka mkono juu ya kompyuta, akahisi joto, akatoa hukumu. Jamani! Hata daktari wa mifugo humpima ng'ombe kabla ya kusema achinjwe.

Haya, tukapima. Nilifungua terminali nikaandika top. Amri hiyo huonyesha ni programu gani inayotumia prosesa na kwa kiasi gani. Juu kabisa palikuwa na mchakato unaoitwa "Isolated Web Co", kwa asilimia 97. Msitishwe na jina hilo. Ni Firefox. Siku hizi kivinjari hicho hugawanya tovuti katika michakato mbalimbali, na jina la mchakato likiwa refu hukatwa. Na mjue pia kwamba kwenye top asilimia 100 ni kiini kimoja tu cha prosesa. Chipu yenye viini vinne inaweza kufika 400, kwa hivyo ukiona 180 si kwamba kompyuta imerukwa na akili.

Basi mhalifu yumo ndani ya Firefox. Lakini Firefox ni nyumba yenye wapangaji wengi. Nani hasa? Kwenye sehemu ya anwani niliandika about:processes. Ukurasa huo hukuonyesha kila kichupo na prosesa kinachotumia. Vichupo vingine vyote vilikuwa chini ya asilimia 2. Kimoja tu ndicho kilichokuwa kinakula mashine mzimamzima, na ni ukurasa ambao saiba hufungua asubuhi na kufunga jioni, kwa sababu wanachama wa chama kimoja cha akiba huja hapo kuangalia kama mikopo yao imepita.

Nikautazama ukurasa ule. Nikautazama tena. Rangi ile nilikuwa naijua. Jedwali lile nilikuwa nalijua.

Wadau, ukurasa ule niliuandika mimi.

Niliuandika miaka mitatu iliyopita, kwenye ofisi yenye kahawa ya bure, kwa laptopu mpya yenye RAM ya GB 16. Niliuamuru uulize seva kila baada ya milisekunde 200 kama kuna jambo jipya. Hiyo ni mara tano kwa sekunde. Kwa saa nane za kazi ni mara 144,000. Na kila jibu likirudi, hata kama hakuna kilichobadilika, jedwali lote la mistari 400 linabomolewa na kujengwa upya. Juu ya hayo niliweka kiduara kinachozunguka kuonyesha kwamba tunasubiri, halafu kazi ikiisha sikukizima. Nilikifanya tu kisionekane. Kiduara kikaendelea kuzunguka gizani kutwa nzima, na prosesa ikaendelea kukizungusha.

Kwenye laptopu yangu feni haikuwahi hata kukohoa. Bosi akasema kazi safi, mteja akalipa, nami nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri. Bili ya usingizi huo ilikuwa inalipwa Dagoretti Corner, kwa umeme wa tokeni na bando za shangazi yangu.

Nilimpigia simu mwenye tovuti nikaomba kurekebisha bila malipo. Kazi ilichukua alasiri moja. Sasa ukurasa huuliza kila baada ya sekunde 30, ambayo ni mara 960 kwa saa nane. Hubadilisha mstari uliobadilika pekee. Kiduara kikimaliza kazi huondolewa kabisa. Mtu akihamia kichupo kingine, ukurasa hunyamaza. Jumatatu iliyofuata, kompyuta ileile, Linux ileile: asilimia 97 ilishuka hadi 2. Mkopo wa shilingi 180,000 haukuombwa tena.

Sasa nakuja kwenye hoja yangu. Sisi waandishi wa programu wa Nairobi tumezoea kusema "kompyuta yako ni ya zamani" jinsi mganga wa uongo anavyosema umelogwa. Ni jibu lisilohitaji ushahidi na daima humwacha mgonjwa akilipa. Zamani tulikuwa tunamtupia lawama Flash. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, tukaizika. Je, feni zilinyamaza? Hazikunyamaza, kwa sababu mazoea yetu mabaya yalihamia JavaScript na fanicha zote.

Na tusidhani ni ugonjwa wa wanagenzi kama mimi. Machi 2017 iligunduliwa kwamba Visual Studio Code, programu inayotumiwa na watu wa fani yetu duniani kote, ilikuwa inakula asilimia 13 ya prosesa ikiwa imekaa tu bila kazi. Sababu? Kile kijistari kinachowakawaka pale unapoandika. Kijistari! Namna kilivyowashwa na kuzimwa ilikilazimisha kivinjari kilichomo ndani yake kuchora skrini mara 60 kwa sekunde. Watu walipopima walipata jibu, na likarekebishwa. Bila kupima, wangeambiwa wanunue kompyuta.

Wapo pia waliofanya kwa makusudi. Coinhive ilianzishwa Septemba 2017, na hadi ilipofungwa Machi 2019 tovuti nyingi ziliweka msimbo wake ili prosesa ya msomaji ichimbe sarafu ya Monero. Dunia ikapiga kelele kwamba huo ni wizi. Nami nauliza: mwizi na mzembe wakikumalizia umeme uleule, tokeni inajua tofauti yao?

Najua mtakayosema. Wa kwanza atasema, "Nani anatumia Linux hapa Kenya? Wachache." Sawa. Lakini ukurasa wangu ungetesa Windows vilevile. Na tuziache kompyuta kwanza. Wakenya wengi huingia intaneti kwa simu, na nyingi ya simu hizo ni Android za bei nafuu. Simu haina feni ya kulia. Hupata joto kimyakimya na kumaliza chaji saa nane mchana, mwenyewe akidhani betri ni feki. Anayelia kwa Linux leo anakuonyesha tu kile ambacho wenye simu hawana pa kukipimia.

Wa pili atasema, "Mteja anataka vitu vinavyong'aa." Mteja anataka watu wamalize shughuli zao. Hakuna mwanachama wa chama aliyetoka Kawangware kwa miguu kuja kutazama kiduara.

Wa tatu atasema, "Wakati wa mhandisi ni ghali kuliko kompyuta." Ghali kwa nani? Wewe unaokoa alasiri moja. Shangazi anadaiwa shilingi 180,000. Kisha kompyuta sita nzima zinaenda jaani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022 pekee. Aliyewahi kufika Dandora hahitaji kuelezwa tani ni nini.

Nawe msomaji usiye mwandishi wa programu, usikubali hukumu bila vipimo. Kivinjari kikilemea kwenye Linux, fuata njia hii kabla hujatoa hata shilingi.

Anza na top. Ukiona kswapd0 juu ya orodha, shida yako ni RAM iliyojaa na mfumo unahamisha vitu kwenda na kurudi kwenye diski. Hapo funga vichupo, au ongeza RAM, ambayo ni bei ndogo kuliko kompyuta nyingine.

Kama ni kivinjari, nenda about:processes umtafute mwenye hatia. Kichupo kimoja kikionekana, kifunge uone kama feni itatulia.

Kama hakuna kichupo kinachojitokeza, funga Firefox kisha uifungue kwa amri firefox --safe-mode. Hiyo huzima viendelezi vyote kwa muda. Mambo yakitulia, washa viendelezi kimoja kimoja hadi umnase mbaya wako.

Kama inalemewa ukitazama video tu, huenda prosesa inafanya kazi ya chipu ya picha. Firefox iliwasha usaidizi huo kwa chipu za Intel kwenye Linux kuanzia toleo la 115, Julai 2023, lakini draiva lazima iwepo. Kwenye Ubuntu na Mint, chipu kuukuu za Intel hutumia i965-va-driver, na amri vainfo itakuambia kama inafanya kazi. Tena, YouTube hupenda kutuma video za VP9 na AV1, ambazo chipu za 2012 haziwezi kuzifungua zenyewe. Kiendelezi cha h264ify huiambia itume H.264, ambayo chipu hizo zinaijua vizuri.

Angalia pia about:support, sehemu ya michoro. Ukikuta neno Software mbele ya WebRender, maana yake prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na hapo tafuta draiva ya picha. Mwisho, weka uBlock Origin. Matangazo mengi ni programu kamili zilizovaa nguo za picha.

Kwa wenzangu wa fani, naomba jambo moja tu. Kila ofisi inayounda tovuti hapa Nairobi, kuanzia Kilimani hadi mjini, iweke kompyuta moja ya mtumba mezani, yenye RAM ya GB 4, na simu moja ya bei ya chini kabisa. Kazi isikabidhiwe kwa mteja kabla haijafunguliwa hapo na kuachwa saa nzima, top ikiwa wazi pembeni. Feni ikilia, kazi haijaisha. Kuanzia mwezi huu mimi nina mashine hiyo. Nimeinunua kwa pesa zangu, na tayari imeniaibisha mara mbili.

Shangazi hajui milisekunde ni nini na wala hakuniuliza. Nilipomweleza kwamba kosa lilikuwa langu, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ni vizuri hatukumlipa fundi." Halafu akanimiminia chai. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimekivua changu. Wewe uliyeandika tovuti mwaka huu, umeifungua lini kwenye kompyuta ya shangazi yako?

Haya, nisiwachoshe. Anayepinga alete vipimo, si mkono juu ya kompyuta. Tuonane wiki ijayo.