Nani Amekificha Kitabu?

Wasomi wetu wana msemo wameufanya kama salamu: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiandike kitabuni. Husemwa kwenye semina, watu wakacheka, chai ikaletwa. Mimi nauita uzushi, tena uzushi wa kujidhalilisha.

Shuka Mombo pale mabasi ya Moshi na Arusha yanaposimama. Magazeti yameanikwa kwenye kamba, na vijana wanaouza matunda ya Lushoto wamejipanga mbele yake, beseni mkononi, wakisoma kurasa za mbele hadi mwenye meza awakemee: “Nunueni basi!” Hawanunui, mtaji wao wote umo kwenye beseni. Kesho utawakuta palepale. Hao ndio wasiopenda kusoma?

Halafu kuna wanaodai kwamba kitabu kwetu ni mgeni. Milima hiyo inayoinukia juu ya Mombo ina kitabu chake tangu enzi za Mjerumani. Abdallah bin Hemedi, mtu aliyefikia kuwa liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi: jinsi Mbegha alivyotoka Ngulu na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya Washambaa, akagawa nyama, mwisho akatawazwa. Kiliandikwa kwa Kiswahili, na wamisionari wa Magila, kule Muheza, walianza kukichapa miaka ya 1890. Toleo jingine likatoka Nairobi mwaka 1962. Haya, mtafutie mwanafunzi wa sekondari wa Mombo nakala moja tu, asome habari za babu zake. Nakutakia safari njema.

Hata riwaya zetu zinaukataa msemo huo. Njoroge wa Ngũgĩ wa Thiong’o, katika Weep Not, Child ya mwaka 1964, hajashika kitabu bado. Mama yake anamwuliza tu kama angependa kwenda shule, naye roho inamdunda asije mama akaghairi. Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, katika Peponi, anagunduliwa na wenyeji wake kuwa hajui kusoma Kurani, na nyumba nzima inashikwa na fadhaa. Mmoja ana kiu, mwingine ana aibu. Mvivu hayumo.

Na hili si la riwayani tu. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Serikali ilihesabu kuwa amebaki kama mmoja katika kila kumi. Wazee walitoka shamba jioni, wakaoga, wakaenda kushika kalamu. Tukawafundisha kusoma, kisha tukawaacha bila cha kusoma.

Mjukuu wao je? Anakutana na kitabu kwa mara ya kwanza darasani, kitabu kimoja watoto watatu. Aliyekaa katikati ndiye anayefunua. Wa pembeni wanasoma kwa kupinda shingo. Kengele ikilia vinakusanywa, vinahesabiwa, vinafungiwa kabatini ofisini visije vikachakaa. Hadithi inakatika simba akiwa bado mlangoni.

Sikatai, wasiosoma wapo, na baadhi yao wana digrii ukutani. Lakini anayetaka kuurudia msemo ule mbele yangu anitajie kwanza duka moja la riwaya kati ya Segera na Same, na ufunguo wa lile kabati unakaa kwa nani.