Nshomile, Shika Bisibisi!

Wiki hii kalamu imetua Ijuganyondo, hapo hapo Bukoba mjini, kwa vijana wanaojua kila kitu. Si mnajua kwetu nshomile hawaishi? Mtajie mmoja habari za nyumba janja, atakushushia lekcha nusu saa nzima: sijui taa inawashwa kwa simu, sijui geti linafunguka lenyewe, sijui kamera inakuonyesha mwizi ukiwa zako Mwanza. Sasa mpe bisibisi na waya mbili. Kimya!

Tatizo liko hapo. Mambo haya hayafundishiki ubaoni. Yanataka meza, vijana wawili wawili, na vitu vya bei poa ambavyo vikiungua hakuna wa kulia. Vibodi vipo. Arduino ilianza Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, na kile kidude cha Kichina, ESP8266, kina waifai ndani yake. Chaja ya simu inatosha kukiendesha.

Mkitaka somo linogee, anzeni na mtego wa senene. Ndiyo, senene! Msimu ukifika, mwezi Novemba, watu wanakesha na mataa na mabati. Wape vijana kisensa cha mwanga, taa ndogo ya volti 5, na kazi moja tu: giza likiingia taa iwake yenyewe. Watafunga, watashangilia, halafu kasheshe! Taa inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama inakonyeza mtu. Kumbe sensa inaiona taa yenyewe na kudhani kumekucha. Hapo ndipo akili inapofunguka. Mmoja ataikinga sensa kwa kipande cha boksi, mwingine ataandika programu isubiri kidogo kabla ya kuamua. Hakuna daftari litakalokupa raha hiyo.

Halafu kateni umeme makusudi. Ukirudi, mtambo wao unakumbuka kazi yake au umezubaa? Na waifai ikilala, taa bado inawashika kwa swichi ya ukutani? Nyumba inayoshindwa kuwasha taa kwa sababu bando limeisha haina ujanja wowote, hiyo ni noma.

Ila jamani, volti 230 haina utani. Rilei ndogo ya kujifunzia msiifunge kwenye mataa makubwa ya mtego, itaganda au iungue. Kufunga nyaya kwenye nyumba ya mtu ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, basi. Chuo cha VETA cha mkoa kipo Burugo, kimejengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2022; waliosomea umeme ndio wa kuwaomba wasimamie Jumamosi zenu. Na akina dada msiwape kazi ya kuandika mahudhurio na kugawa soda. Wapeni koleo nao.

Mtaniuliza, ukumbi uko wapi? Ukumbi wa nini! Kibanda cha fundi redio kina kifaa cha kulehemu, testa, na redio mbovu tele za kuchomoa vipuri. Mzee mwombeni kwa adabu, na mbebeeni sukari kilo moja.

Tukutane wiki ijayo, waitu.