UCHAMBUZI: Fomu ikikwama mtandaoni, usikubali kila mara kuambiwa 'ni mtandao'

Umejaza jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya mtihani wa KCSE na jina la wadi. Umebofya "Wasilisha". Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu kimya. Fomu iko pale pale, haijasema ndiyo wala la. Unabofya tena. Mwenye saiba anakuambia bila hata kuinua macho: "Ni mtandao huo, jaribu usiku."

Hebu subiri kidogo. Kama ni mtandao, mbona WhatsApp inaingia na video ya YouTube inacheza kwenye kompyuta iyo hiyo?

Swali hili si dogo siku hizi. Tangu katikati ya 2023, serikali imehamishia zaidi ya huduma 5,000 kwenye jukwaa la eCitizen. Mkopo wa HELB unaombwa mtandaoni. Kozi unachagua kwa tovuti ya KUCCPS. Cheti cha tabia njema ambacho mwajiri anakitaka kabla hata ya kukujua jina, nacho huombwa mtandaoni. Zamani karani angekugongea muhuri kwenye nakala yako na ukaondoka na ushahidi mkononi. Leo karani ni kile kitufe, na kikinyamaza huna la kuonyesha mtu.

Ili ujue nani wa kulaumiwa, elewa kwanza kinachotendeka ukibofya. Kwa fomu za kale, ukurasa mzima uliondoka na mwingine ukaja: umefaulu au umekosea, ungejua. Fomu nyingi za sasa hutumwa chinichini. Programu ndogo ndani ya ukurasa huchukua ulichoandika, ikakipeleka kwa seva na kungoja jibu huku wewe ukibaki palepale. Ni mtindo mzuri, tena hukuokolea bando. Lakini una gharama yake: kazi ya kukueleza kilichotokea imeachiwa aliyeandika ukurasa. Akiandika la kufanya jibu likiwa zuri pekee, basi seva inaweza kukataa ombi lako kwa sauti kubwa na wewe usisikie lolote. Kiduara kinaendelea tu kuzunguka.

Chukua mfano wa tokeni. Fomu nyingi hubeba alama ya siri inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye tovuti yenyewe wala si kwa tapeli. Kwa Laravel, mojawapo ya mifumo inayotumiwa sana kuundia tovuti, kikao chako hufa baada ya dakika 120 bila shughuli, isipokuwa fundi abadilishe muda huo. Sasa fikiria: umefungua fomu saa tatu asubuhi, ukatoka kwenda kutafuta sahihi ya chifu (na chifu naye alikuwa barazani), umerudi saa saba. Ukibofya, seva inakataa kwa nambari 419. Kwa Django, mfumo mwingine maarufu, nambari ni 403. Kilichohitajika ni sentensi moja tu kwenye skrini: "Muda umekwisha, fungua ukurasa upya." Ukaonyeshwa kiduara.

Au umeandika nambari ya simu ukianza na 07 ilhali seva inataka 254. Seva inajibu 422, tena inataja hata sehemu uliyokosea. Jibu linafika hadi kwenye kompyuta yako na kuishia hapo.

Panapouma zaidi ni kwenye pesa. Tovuti inapoiomba M-Pesa ikutumie ule ujumbe wa kuweka nambari ya siri, jibu la kwanza kutoka Safaricom husema tu kwamba ombi limepokelewa. Halisemi umelipa. Matokeo yenyewe huja baadaye, yakitumwa kwa anwani ambayo tovuti iliitoa: 1032 ukighairi mwenyewe, 1037 simu yako isipopatikana, sufuri ukilipa. Sasa seva ya tovuti ikiwa imelemewa dakika hiyo matokeo yanapobisha hodi, hakuna wa kufungua mlango. Pesa zimetoka kwako, lakini fomu inasema hujalipa. Kwa woga, unalipa tena. Kuna vijana waliolipa mara mbili kwa Fuliza, halafu wanaambiwa wasubiri kurudishiwa.

Dawa ya haya inajulikana, na wala si ghali. Tovuti inaweza kuiuliza M-Pesa yenyewe hali ya malipo badala ya kukaa ikingoja. Kila fomu inaweza kupewa nambari yake ya kipekee mapema, ili ukibofya mara tatu seva itambue ni ombi lile lile moja. Kitufe kinaweza kufungwa baada ya kubofywa. Anayelipwa na umma kuunda tovuti na asifanye haya hana pa kujificha nyuma ya "mtandao".

Tuwe wa haki lakini. Kuna siku tatizo huwa kubwa kweli. Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliifurika eCitizen kwa maombi bandia, na aliyekuwa Waziri wa ICT, Eliud Owalo, akakiri shambulio hilo. Pia, sisi Wakenya na siku ya mwisho ni chanda na pete. Maelfu hubofya usiku mmoja. Ila tovuti iliyoshambuliwa huwagomea watu wote, kila ukurasa. Kurasa zote zikifunguka isipokuwa kitufe kimoja, hiyo ni hadithi nyingine. Na msongamano wa siku ya mwisho si ajali: aliyeitangaza tarehe hiyo aliijua miezi kadhaa mapema.

Hapa ndipo suala la fundi linageuka kuwa la haki. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuhudumiwa na serikali kwa haraka, kwa ufanisi na kwa njia ya haki, na uamuzi ukikuumiza haki yako, upewe sababu kwa maandishi. Sheria ya kutekeleza kifungu hicho ilipitishwa 2015. Kiduara si sababu kwa maandishi. Ofisi ikikufungia mlango kwa kuchelewa wakati fomu yake ndiyo iliyogoma, una hoja ya kupeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Lakini hoja bila ushahidi ni porojo, kwa hivyo jifunze kuukusanya.

Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza F12, fungua sehemu iliyoandikwa "Network", kisha bofya kitufe cha fomu. Utaona mstari mpya wenye nambari. Ikianza na 2, mara nyingi ombi limepokelewa hata kama skrini imenyamaza. 419 au 403: nakili uliyoandika, fungua ukurasa upya, jaribu tena. 422: kagua ulichojaza. Ikianza na 5, kosa ni lao. 504 ndiyo ya kuogopa, maana seva moja imechoka kuingoja nyingine na huenda ombi lako limeingia. Usibofye tena wala kulipa tena kabla ya kuingia kwenye akaunti yako na kuangalia. Kwa simu ni vigumu kuona haya, na ndiyo sababu bado nawashauri watu waende saiba kwa fomu nzito.

Na wewe unayesomea kompyuta, uliyepewa kibarua cha kuunda fomu ya basari ya kaunti: usiijaribu kwa intaneti ya ofisini pekee. Chrome ina njia ya kuigiza mtandao wa pole pole. Iwashe, bofya mara tano kwa hasira kama mzazi wa Turkana au Kwale atakavyobofya, uone ni maombi mangapi yameingia.

Kwa anayeomba, piga picha ya skrini yenye nambari hiyo, na uandike saa na dakika uliyobofya. Weka pia ujumbe wa M-Pesa. Ukifika ofisini usiseme "ilikataa". Toa saa hiyo na uombe fundi aitafute kwenye kumbukumbu za seva. Kama ombi lako lilibisha pale saa tano na dakika 42 usiku, na mwisho ulikuwa saa sita, kuna uwezekano mkubwa limeandikwa humo.