Shahidi Mkweli Anapokosea

Mahakama zina mbinu nyingi za kumnasa mwongo. Shahidi huapishwa, hutazamwa usoni, huulizwa maswali ya dodoso mpaka maneno yake ya asubuhi yagombane na ya mchana. Mwongo akibanwa hujikanyaga. Lakini yuko shahidi ambaye mbinu hizi hazimgusi: yule asiye na chuki na mtu, anayesema kile anachokiamini kwa moyo wote, anayemnyooshea mshtakiwa kidole huku machozi yakimtoka, na ambaye amekosea. Huyu hawezi kujikanyaga kwa sababu hafichi kitu. Kwa takriban miaka 50 watafiti wa saikolojia wamemfuata shahidi huyu hatua kwa hatua, na walichokiona kinanishawishi kwamba tumekuwa tukimngojea mahali sipo. Anapofika mahakamani madhara yamekwisha kutokea, na mara nyingi yametokea kituo cha polisi, tena katika siku za mwanzo kabisa.

Julai 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 22, Jennifer Thompson, alibakwa usiku ndani ya nyumba yake. Ameeleza mwenyewe hadharani kwamba katikati ya unyama ule alijikaza kuisoma sura ya mbakaji, ili akinusurika aweze kumtambua na kumfikisha gerezani. Polisi walimwekea picha sita mezani. Akaziangalia kwa utulivu, akachagua picha ya Ronald Cotton. Baadaye akaletwa kwenye gwaride la utambulisho, watu wakiwa wamesimama mstari mmoja. Safari hii alisita kati ya wawili, kisha akamchagua Cotton. Akaambiwa kwamba ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha. Hakuna aliyelitilia uzito jambo moja: kati ya wote waliosimama mle, Cotton peke yake ndiye aliyekuwa pia katika zile picha. Sura yake ilikuwa ngeni kwake mara ya kwanza. Mara ya pili haikuwa ngeni tena.

Kusita kule kulifia pale pale. Januari 1985 Thompson alisimama mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi bila chembe ya shaka, na Cotton akahukumiwa kifungo cha maisha. Gerezani alikutana na mfungwa aliyefanana naye, Bobby Poole, aliyekuwa amefungwa kwa ubakaji mwingine. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, Poole aliletwa mahakamani. Thompson alimtazama mtu aliyembaka, akasema hajawahi kumwona maishani mwake. Cotton akatiwa hatiani kwa mara ya pili. Ilipofika mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kikaonyesha kwamba mbakaji ni Poole, na Cotton akatoka baada ya kukaa ndani zaidi ya miaka kumi.

Nakaa sana kwenye siku ile ya mwaka 1987, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Mwanamke yule hakuwa akimlinda Poole wala kumwonea Cotton. Alipokumbuka usiku ule, sura iliyokuja ilikuwa ya Cotton. Ile ya Poole ilikwisha kufutika, ikachukuliwa nafasi na sura aliyoonyeshwa na polisi, akaiona tena kwenye gwaride, akaiona tena mahakamani. Wakili angemdodosa mpaka usiku wa manane asingepata kitu.

Wala si kesi ya pekee. Innocence Project, shirika lililoanzishwa mwaka 1992 na mawakili Barry Scheck na Peter Neufeld, limehesabu kwamba katika watu 375 wa kwanza waliosafishwa kwa vinasaba nchini Marekani, takriban asilimia 69 walikuwa wametambuliwa kimakosa na walioshuhudia. Na hao ni wale tu ambao mhalifu aliacha kitu cha kupimwa maabara. Jambazi anayepora pochi kwenye kona yenye giza haachi vinasaba, kwa hiyo aliyefungwa kwa niaba yake hana kipimo cha kumwokoa.

Kwamba kumbukumbu hubadilika baada ya tukio, si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza mwendo. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani “yalipobamizana” walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno la upole, na wiki moja baadaye wengi zaidi kati yao walikumbuka vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Ongeza hofu, ongeza silaha inayovuta macho yatoke usoni mwa aliyeishika, ongeza ugumu wa kutofautisha sura za watu wa asili nyingine, na Thompson alikuwa mwanamke mzungu akimtambua mtu mweusi.

Ila swali linalonisumbua zaidi ni la upande wa pili: wanaosikiliza. Je, wao wanaweza kumtofautisha shahidi aliyeona sawasawa na aliyekosea? Mwaka 1981 Rod Lindsay, Gary Wells na mwenzao walipanga wizi wa kuigiza mbele ya watu wasiojua kwamba ni maigizo. Baadhi walimwona mwizi katika hali nzuri, wengine katika hali ya wastani, wengine katika hali mbovu. Kisha mashahidi hao wakahojiwa, na watu waliocheza nafasi ya wajumbe wa jopo wakaamua kama wanawaamini. Katika hali mbovu, ni shahidi mmoja tu kati ya watatu aliyemtambua mwizi kwa usahihi. Wasikilizaji waliwaamini kwa asilimia 62. Katika hali nzuri usahihi ulipanda hadi asilimia 74, na imani ya wasikilizaji hadi 77. Yaani usahihi ulipoporomoka kwa zaidi ya nusu, imani ilitikisika kidogo tu. Wasikilizaji hawakupima mwanga wala muda. Walipima jinsi shahidi alivyojiamini.

Na kujiamini ndiko kunakotengenezwa kirahisi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1998 Wells na Amy Bradfield waliwaonyesha watu mkanda hafifu wa kamera ya ulinzi, kisha wakawapa picha za kuchagua mhalifu ambazo yeye hakuwamo. Kila aliyechagua alikosea. Lakini baadhi yao waliambiwa kwa kawaida tu: vizuri, umemtambua mtuhumiwa. Hao, walipoulizwa baadaye, walisema walikuwa na uhakika zaidi tangu mwanzo. Si hivyo tu. Walisema walimwona mtu yule vizuri zaidi, na kwamba walikuwa makini zaidi wakati wakimwangalia. Sentensi moja fupi ya pongezi ilirudi nyuma ikaangaza hata mkanda wenyewe.

Weka hayo kando ya sheria ya Marekani. Katika kesi ya Neil dhidi ya Biggers ya mwaka 1972, Mahakama ya Juu iliorodhesha mambo ya kupima utambuzi: nafasi aliyokuwa nayo shahidi ya kumwona mhalifu, umakini wake, usahihi wa maelezo yake ya awali, uhakika wake, na muda uliopita. Matatu kati ya hayo, yaani nafasi, umakini na uhakika, mara nyingi hujulikana kwa kumuuliza shahidi mwenyewe, na ndiyo hayo hayo yanayovimbishwa na pongezi ya askari. Kosa la polisi linageuka kuwa uthibitisho kwamba polisi hawakukosea.

Wapo waliofikiri dawa ni kuwafundisha wajumbe wa jopo. Jimbo la New Jersey, baada ya uamuzi wa kesi ya Henderson mwaka 2011, liliandaa maelekezo marefu ambayo jaji huwasomea wajumbe kuhusu udhaifu wa utambuzi. Nia ilikuwa njema. Watafiti waliyapima maelekezo hayo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wakakuta kwamba yaliwafanya watu wawe wazito kumtia mshtakiwa hatiani bila kujali kama utambuzi ulifanyika vizuri au vibaya. Yaliongeza shaka, hayakuongeza ufahamu. Hilo haliwezi kuitwa maendeleo. Mwanamke aliyembaini mbakaji wake sawasawa, kwa utaratibu safi, hastahili kushukiwa sawa na yule aliyepotoshwa. Ninawaheshimu wanaotetea waliofungwa bure, lakini siwafuati wanapofika mahali pa kusema ushahidi wa macho hauna thamani. Una thamani, tena kubwa, ukichukuliwa mapema na kwa usafi. John Wixted na Wells waliandika mwaka 2017 kwamba uhakika wa shahidi katika utambuzi wa kwanza kabisa, utaratibu ukiwa mzuri, unaambatana sana na usahihi. Mwanasheria Brandon Garrett alipopitia kumbukumbu za mashauri 161 ya watu waliokuja kusafishwa kwa vinasaba, alikuta katika asilimia 57 shahidi aliwahi kukiri kwamba mwanzoni hakuwa na uhakika. Shaka ilikuwepo. Ilisemwa. Ikapotea njiani kabla ya siku ya hukumu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema kwamba haya ni ya Wamarekani na majopo yao. Kwetu jaji ndiye anayeamua, na hukumu yake ina sababu zilizoandikwa ambazo Mahakama ya Rufani inaweza kuzichambua. Ni kweli, na ni faida kubwa. Tena mahakama zetu ziliiona hatari hii bila kungoja maabara za saikolojia. Katika kesi ya Roria ya mwaka 1967 ilionywa juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja. Katika Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kutambua kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, ikataka yaulizwe mambo yanayoshikika: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, je alimfahamu kabla? Ndiyo maana mawakili wetu hubishana juu ya koroboi. Iliwekwa wapi, mwanga wake ulifika wapi, ilizimwa saa ngapi. Kwa asiyejua, mabishano hayo yanaonekana kama kupoteza muda. Mimi nayaona ni busara zaidi kuliko orodha ya Biggers, kwa kuwa hayamuulizi shahidi anajiamini kiasi gani. Na katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni kielelezo muhimu cha kuaminika kwake. Maabara zilifikia jambo lililo karibu sana na hilo kwa njia nyingine.

Tofauti moja isisahauliwe. Tafiti nyingi za Marekani zinahusu wageni waliopita mara moja tu, wakati kesi nyingi za huku zinahusu jirani, shemeji, kijana wa mtaa wa pili. Kumtambua unayemfahamu ni rahisi kuliko kumtambua mgeni, ingawa usiku wa kelele na mapanga hata ndugu hufananishwa.

Lakini jaji ni binadamu, na hukumu yake inategemea kilichomo kwenye faili. Kama shahidi alimwona mtuhumiwa amekaa kwenye benchi la kituo kabla ya gwaride, au picha yake ilikwisha kuzunguka WhatsApp ikiwa na maneno “huyu ndiye mwizi”, jaji atayajua hayo iwapo tu kuna mtu atakayeyasema. Mahakama zimekuwa zikiyakataa magwaride ya namna hiyo zinapoyabaini. Pongezi ya askari aliyemwambia shahidi “hapo hujakosea, mama” haionekani popote kwenye faili. Kumbukumbu ya shahidi ni kama eneo la tukio: likikanyagwa na watu kabla ya kupigwa picha, hakuna mtaalamu atakayezirudisha nyayo za mwanzo.

Ndiyo maana nasema juhudi zielekezwe kituoni. Anayeendesha gwaride awe askari asiyejua mtuhumiwa ni nani, ili hata macho yake yasiweze kumsaidia shahidi. Shahidi aambiwe wazi kwamba huenda mhalifu hayumo. Utambuzi mmoja utoshe, asirudishwe kuchagua tena mtu yule yule. Gwaride lirekodiwe, na simu ya kawaida inatosha.

Najua jibu litakalotoka kwenye vituo vya pembezoni: askari ni wachache na wote wanaijua kesi. Kwa picha, kuna njia isiyohitaji askari wa ziada. Kila picha huwekwa kwenye bahasha yake, bahasha zikachanganywa, na anayezitoa haoni shahidi anaangalia ipi. Kwa gwaride la watu, aletwe askari wa kituo kingine, kama magari ya vituo vingine yanavyoletwa msiba wa kiongozi unapotokea. Wapo pia watakaolalamika kwamba wahalifu wataponyoka. Cotton alikuwa ndani kwa kosa la Poole zaidi ya miaka kumi, na wala jina la Poole lisingetafutwa kama si Cotton mwenyewe kukutana naye gerezani.

Jambo moja lingeweza kuanza kesho bila kutungiwa sheria mpya. Kwenye fomu ya gwaride, chini ya namba ya aliyechaguliwa, iongezwe nafasi ya shahidi kueleza kwa maneno yake mwenyewe ana uhakika kiasi gani, kabla hajaambiwa neno lolote na yeyote. Akisema “nadhani ni huyu”, iandikwe “nadhani ni huyu”, na aweke sahihi. Nakala ya karatasi hiyo apewe wakili wa utetezi kabla shahidi hajapanda kizimbani, na jaji aisome sambamba na yale atakayoyasikia miaka miwili au mitatu baadaye.