Kabla ya Kuipanda Minara ya Wengine

Hivi karibuni nilipokea waraka kutoka kwa kijana mmoja niliyemfundisha somo la Historia katika shule ya upili hapa Meru. Kijana huyo sasa yuko Uchina akisomea uhandisi. Wakati wa likizo, yeye na wenzake walizuru mji wa kale wa Pingyao, wakaupanda ukuta wake, wakaingia katika mahekalu yake na kusimama chini ya mnara uliojengwa juu ya barabara ya sokoni. Alinieleza hayo yote kwa furaha. Kisha akamalizia kwa maneno yaliyonichoma moyo: “Mwalimu, mwenyeji wetu aliniuliza kwetu kuna mahali gani pa kale panapoheshimiwa hivi. Nilinyamaza.”

Nimeusoma waraka huo mara nyingi, na kila mara najiona mimi ndiye niliyenyamaza. Nilimfundisha kijana yule habari za Ukuta Mkuu wa Uchina na mapiramidi ya Misri, naye akafaulu mtihani vizuri. Sikumpeleka Nchiru hata siku moja, ilhali Nchiru ni mwendo wa kilomita chache tu kutoka mjini Meru, kando ya barabara iendayo Maua.

Pingyao una mafunzo kwetu. Ukuta wake ulijengwa mwaka wa 1370, na mzunguko wake ni takriban kilomita sita. Nje ya mji kuna hekalu la Shuanglin, linalosifika kwa sanamu zake za udongo zilizopakwa rangi. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji huo ulikaribia kuharibiwa. Wakuu wa mahali walikuwa wamekwisha anza kubomoa nyumba za kale ili wapanue barabara, hadi mwalimu mmoja wa chuo kikuu mjini Shanghai, Profesa Ruan Yisan, alipopinga na kuchora mpango mwingine wa kujenga mji mpya kando ya ule wa kale. Mwaka wa 1997 Pingyao uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ndugu msomaji, zingatia kwamba aliyeuokoa mji ule hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwalimu.

Mwaka uo huo wa 1997, Mlima Kenya nao uliingizwa katika orodha hiyo. Kwa hivyo sisi tuishio miguuni pa mlima, Wameru na Waembu, si maskini wa urithi. Lakini mlima ulisifiwa kwa barafu, misitu na wanyama wake. Habari za watu walioishi chini yake, sheria zao na ibada zao, ni jukumu letu kuzieleza.

Baada ya kuusoma waraka ule nilifunga safari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Nchiru, yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Hapo hapana mnara wa kupanda. Pana mahali ambapo kwa vizazi vingi wazee walioteuliwa kwa busara na uadilifu walikutana kuamua kesi, kutunga sheria na kupatanisha koo. Leo chuo kikuu kimesimama papo hapo Nchiru, na nilijiuliza ni wanafunzi wangapi wanaopita njia ile kila siku bila kujua kwamba wanapita karibu na bunge la babu zao.

Safari ya pili ilinipeleka Embu, hadi Mbui Njeru karibu na Runyenjes. Simulizi za Waembu zasema kwamba hapo ndipo Mungu alipomuumba Mwenendega, na kwamba kwenye maporomoko ya maji akampa mke mzuri ajabu, Ciurunji. Wawili hao wakabarikiwa mali na watoto, na uzao wao ukaenea Embu nzima. Nilisimama hapo nikiyasikiliza maji, nikakumbuka kwamba nimekwisha kuwapeleka wanafunzi Fort Jesus mara nne, na Mbui Njeru sijawapeleka hata mara moja.

Najua watakaosema kwamba historia ni mawe, na kwamba msitu na maporomoko si hekalu. Hoja hiyo imekwisha jibiwa na majirani zetu wa pwani. Mwaka wa 2008, misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ile ile ya urithi wa dunia, miaka kumi na sita kabla ya magofu ya Gedi kuingizwa mwaka wa 2024. Dunia imekiri kwamba mti uliokatazwa kukatwa kwa karne nyingi ni ushahidi wa ustaarabu sawa na ukuta wa matumbawe. Basi msitu wa Giitune, ulio karibu na mji wa Meru, una upungufu gani? Upungufu ni wetu sisi tusioufundisha. Na tukumbuke kwamba ukuta ukibomoka huacha magofu, lakini msitu mtakatifu ukikatwa ukageuzwa shamba, msimu mmoja watosha kufuta kila alama.

Wapo pia wazazi wanaohofu kwamba kuwapeleka watoto mahali hapo ni kuwarudisha kwenye ibada za kale. Nami ni mwumini, na hofu hiyo naielewa. Lakini kijana wangu aliingia katika hekalu la Shuanglin akatoka na imani yake ile ile. Kuzuru si kuabudu.

Wengine watauliza, na wana haki kuuliza, mwanamke alikuwa na kiti gani katika Njuri. Hakuwa nacho, na jambo hilo tusilifiche. Mwaka wa 1956 Njuri Ncheke, ikishirikiana na serikali ya kikoloni, ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi waliikaidi amri hiyo, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Hapo mwalimu hodari ana somo la wiki nzima: ni nani aliyetunga sheria, ni nani asiyeulizwa, na kwa nini amri iliyokusudia kukomesha jambo la madhara ilikataliwa na wale wale iliyowahusu? Historia yenye watakatifu watupu haimfunzi mtu kufikiri.

Linaloniharakisha kuandika haya ni umri wa wazee wetu. Mwaka wa 1973 Profesa H. S. K. Mwaniki alichapisha kitabu juu ya historia hai ya Embu na Mbeere, akitegemea masimulizi ya wazee. Kwa upande wa Meru, Mmarekani Jeffrey Fadiman aliwasikiliza wazee yapata wakati huo huo, wakamsimulia habari za Mbwaa, kisiwa ambako Wameru walitoroka utumwa wa watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Wapo wanaodhani kwamba Mbwaa ni Manda, karibu na Lamu. Lau wawili hao wangengoja miaka ishirini, wangekuta makaburi. Sisi tunangoja nini?

Walimu wenzangu, siwaombi mwache kuwapeleka wanafunzi Mombasa. Naomba safari ya kwanza iwe ya karibu: Nchiru, Mbui Njeru, na Makumbusho ya Meru yaliyofunguliwa mwaka wa 1974. Tupate kwanza ruhusa ya wazee, na tufuate miiko ya mahali. Kila mwanafunzi arudi na simulizi moja aliyoisikia kwa masikio yake na kuiandika kwa mkono wake, pamoja na jina la aliyemsimulia, na shule iyahifadhi maandishi hayo katika maktaba. Nazo serikali za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi makumbusho na shughuli za utamaduni, ziweke mipaka na vibao kabla mashamba hayajafika mlangoni.

Nanyi wanafunzi, msimngoje mwalimu. Nyumbani kwenu huenda yupo nyanya ajuaye jina la kila kilima kionekanacho kutoka mlangoni pake. Mwulizeni jioni ya leo.

Nami nimemjibu kijana wangu. Nimemwandikia habari za Nchiru na za Mbui Njeru, nikamwomba radhi kwa kuchelewa. Akija likizo tutakwenda pamoja, ili siku mwenyeji wake atakapomwuliza tena, awe na la kumjibu.