Sio Ngozi, Ni Kamera

Kuna mzaha tunaoujua wote. Picha imepigwa usiku, ikatumwa kwa grupu, halafu mtu anaandika: "Uko wapi hapo? Naona meno tu." Tunacheka. Mimi nimechoka kucheka, kwa sababu mzaha huo unailaumu ngozi kwa kazi mbovu iliyofanywa na mashine, na mashine yenyewe tumeinunua kwa pesa zetu.

Ingia duka lolote la kamera mjini useme unatafuta ndogo, ya bei nafuu, ya kupiga usiku. Kabla hujamaliza sentensi utatajiwa megapikseli. Kumi na sita, ishirini, na ukiongeza kitu kidogo, zaidi. Manze, megapikseli haziingizi mwanga! Ni hesabu ya vipande ambavyo picha imekatwa, basi. Kinachokusanya mwanga ni lenzi na sensa (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kibao kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea picha). Mvua ikinyesha na mfereji umekauka wiki nzima, unatega karai kubwa. Huulizi karai limegawanywa vyumba vingapi.

Sensa ya kamera nyingi ndogo za bei rahisi, ile inayoandikwa 1/2.3, ina upana wa kama milimita 6. Ile inayoitwa ya inchi moja, jina la uongo kwani haifiki inchi, ni milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni karibu mara nne. Na kama unadhani haya ni maneno yangu tu, tazama Canon: G10 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7. Iliyoifuata mwaka 2009, G11, ikashushwa hadi 10 ili ifanye vizuri gizani. Waliotengeneza walirudi nyuma. Wanaotuuzia bado wanahesabu.

Sasa, kwa nini jambo hili linatuhusu kuliko wanaoandika uchambuzi wa kamera huko Ulaya? Kwa sababu zile chengachenga za picha ya usiku hukaa kwenye sehemu nyeusi, pale mwanga ulipokuwa haba. Uso mweusi chini ya taa moja ya kibanda uko palepale. Uso mweupe unarudisha mwanga mwingi zaidi, kwa hivyo sensa ndogo inaponea hapo. Kwetu haiponei. Tena kamera ikiona balbu ndani ya picha, inajitahidi kuiokoa balbu na kukuzamisha wewe. Hii ni tabia ya zamani. Enzi za filamu, Kodak ilisambaza kwa maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha ngozi.

Utaniambia simu inatosha. Kwa mtu aliyetulia, sawa. Usiku simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja, kwa hivyo watu wakianza kucheza mikono inageuka ukungu, na mashavu yanalainishwa hadi humtambui binamu yako. Wengine watasema wanunue kamera kuukuu yoyote na kuwasha flashi, si ndio fasheni sasa. Flashi hiyo inang'arisha paji la uso na kuua kila kitu nyuma. Mpige mama wa mutura hivyo uone: moshi umekwenda, taa yake imekwenda, amebaki peke yake kwenye shimo jeusi kama mshukiwa.

Pesa ni kidogo, najua. Mimi mwenyewe hulipwa kwa makala. Ndiyo maana nasema mtumba. Canon S95 au Panasonic LX5, zote za 2010, au Olympus XZ-1 ya 2011: kila moja ina megapikseli 10 tu, sensa iliyo kubwa kuliko zile za kawaida, na inahifadhi picha ghafi ambayo unaweza kuivuta baadaye kwenye kompyuta. Lenzi zake zinaanzia f/2 au f/1.8. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: f/2 inaingiza mwanga mara nne ya f/4. Ukiangukia Sony RX100 ya kwanza, ya 2012, yenye ile sensa ya inchi moja, na mfuko unaruhusu, chukua. Ila usizumu. Inaanza f/1.8, ukivuta hadi mwisho imefika f/4.9, na umepoteza mwanga zaidi ya mara saba. Miguu unayo, sogea karibu.

Na usiijaribu mlangoni penye jua, pale muuzaji anapopenda kukusimamisha. Nenda ndani kabisa, mwambie azime taa moja. Zima flashi, weka ISO 800, mpige yeye mwenyewe, kisha kuza picha hadi shavu lijaze kioo. Kama shavu limekuwa mchanga wa zambarau, mwonyeshe. Akianza tena habari ya megapikseli, weka kamera mezani uende duka linalofuata.